Kadi ya Siku Tatu na Boti ya Kupanda na Kushuka

Mercy, na ninyi wenzake wa kibandani,

Kadi mliyonipa siku ya kuniaga iko mezani hapa Guildford, imeegemea kopo la majani ya chai. Ni ile kubwa ya kuingilia vivutio vya mji, ya siku tatu, ya vitu vyote. Sijaifungua. Mmenipigia simu mara mbili kuniuliza nimeona nini, na mara zote mbili nimewajibu kwamba nasubiri mvua ikatike. Mvua ilikatika wiki iliyopita. Nimeona heri niwaeleze ukweli kwa maandishi, na ili ueleweke itabidi nianzie mbali, siku nilipoingia kwenye kile kibanda cha kuuzia kadi za watalii pale Circular Quay, kwenye gati la boti la Sydney.

Kabla ya hapo nilikuwa nasafisha ukumbi wa abiria pale gatini. Mtu mwenye fagio huulizwa njia kuliko askari, na mimi nilipenda kujibu. Maureen, ambaye wengi wenu hamkumkuta, alikuwa akiniona kupitia dirisha la kibanda. Siku moja alitoka, akaniuliza kama nimechoka kujibu maswali bure. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka ng'ambo ya uwanja, na yeye alimwita kila mtu love, hata mameneja. Neno hilo nimeliacha kama lilivyo kwa sababu sijapata namna ya kulitafsiri bila kumvunjia heshima.

Siku ya kwanza nilifanya kosa ambalo kila mmoja wenu amelifanya, hata kama hamkuniambia. Waliingia mtu na mkewe saa tisa alasiri, wametoka uwanja wa ndege moja kwa moja, macho mekundu. Nikawauzia kadi ya siku mbili, nikawaelekeza kwenye nyumba ya samaki. Siku ya tatu asubuhi wakarudi wamefura, kadi imekufa. Walidhani siku ni saa ishirini na nne, na mimi nilidhani hivyohivyo. Maureen aliwatuliza, kisha akanikalisha. Akanieleza kwamba kadi huanza kuhesabu pale mashine inapolia mara ya kwanza, na haihesabu saa, inahesabu tarehe. Ukiifungua saa kumi jioni, umekula siku nzima kwa kutazama papa mmoja. Tangu siku hiyo mteja wa mchana nilimwambia aiweke kadi mfukoni, akatembee bustanini bure, alale, aje kuifungua asubuhi.

Zana tulikuwa nazo chache. Ratiba ya boti, kalamu, rundo la ramani, na ubao wa Maureen. Ubao huo mnaujua, ndio ule uliofungwa kwa utepe wa plastiki pembeni. Ni kipande cha boksi alichokigandisha kwenye mbao, akachora vivutio vyote vya kadi, na kati ya kila kimoja na kingine akaandika dakika za kutembea. Ila aliandika dakika za aina tatu: za kijana, za mwenye mtoto mdogo, na za mwenye goti bovu. Alizipata kwa kutembea mwenyewe, mara ya tatu akiwa na mama yake mzazi na kigari chake cha kutembelea. Kampuni ilituletea baadaye ramani nzuri za rangi, lakini kwenye ramani hizo watu wote wana miguu ya kijana.

Nilijifunza kutazama viatu kabla ya uso. Viatu vipya vyeupe ni dalili ya malengelenge saa saba mchana. Nilijifunza pia kwamba mnara siku ya ukungu ni lifti tu, kwamba vitu vya Darling Harbour vimekaa pamoja na vinamalizwa kwa mkupuo mmoja, na kwamba ukienda kwa wanyama ng'ambo ya bandari, hiyo ni siku nzima, usidanganyike kwamba utarudi uone kingine. Mtu wa vitu vitatu au vinne anafaa kadi ya kuchagua, ambayo ina miezi miwili na haina haraka. Kadi ya siku ni ya mwenye miguu na orodha. Nilikuwa nawaambia wateja hivyo waziwazi. Mjerumani nilimwambia, Mkorea nilimwambia, na familia moja kutoka Perth niliibembeleza kabisa inunue ndogo. Maureen alikuwa akisema kazi yetu ni kumfanya mtu arudi kwao bila kinyongo na bandari yetu.

Watu wangu ndio walionishinda, na kisa cha Odeta ndicho kilichonifundisha.

Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi, majira ya machipuko. Walikuja dirishani msichana na mama yake, wametoka Penrith kwa treni. Mama alivaa kitenge cha zambarau na viatu vipya vyeupe. Nikawasikia wakisemezana Kiswahili cha Warundi, nikawasalimu. Mimi ni mtu wa Kasulu. Warundi wa kambi za wakimbizi tuliuziana nao ndizi na chumvi sokoni miaka mingi, kwa hiyo kabla ya habari ya kadi tulikuwa tumeshapata watu wawili watatu tunaowajua wote. Msichana aliitwa Odeta. Alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee huko Penrith. Alikuja Australia na shangazi yake akiwa binti mdogo, mama yake akarudi Burundi, na hawakuonana tena mpaka mwezi ule.

"Mama ana siku kumi na nane hapa," Odeta aliniambia. "Kumi na tano zimeisha kwa watu. Auburn, Guildford, kila nyumba inataka impokee, kila nyumba inapika. Ukikataa ni matatizo. Sasa nimebembeleza watu kazini, nime-swap shift, nimepata siku tatu. Jumapili anapanda ndege."

"Unataka kumwonyesha nini?"

"Vyote, Auntie. Nipe ile kubwa. Ile ya vitu vyote."

Ubao wa Maureen ulikuwa chini ya kaunta, karibu na goti langu. Nilikuwa nimeshaona viatu vya yule mama, na nilikuwa nimemwona alivyoshika ukingo wa dirisha alipokuwa akipanda kile kijingazi kimoja. Angekuwa mtu mwingine ningeutoa ubao. Lakini kumwambia mtoto mbele ya mama yake, anunue kadi ndogo? Kwetu mzazi hapewi kitu kidogo mbele za watu, na mimi muuzaji ni nani hata nimwaibishe Odeta siku anayomtoa mama yake? Nikaona haya. Nikakata kadi mbili kubwa, nikazitoa kwa mikono miwili, na mama akapokea yake kwa mikono miwili, akainama kidogo.

"Mungu akubariki, mwana wangu," alimwambia Odeta.

Nikajiambia nimefanya adabu.

Jioni ile walipita wakienda kituoni. Odeta alikuwa na karatasi yenye orodha, ameweka alama ya kalamu kwenye vitu vitano. "Vitano, Auntie! Siku moja!" Mama alikuwa hatua nne nyuma. Nilipomuuliza ameonaje, akajibu, "Tumeona. Tumeona." Maureen, ambaye hajui neno moja la Kiswahili, aliniuliza yule mama ana nini. Nikamjibu ni uchovu wa safari.

Ijumaa mchana nilitoka kwenda kununua chai, nikamkuta yule mama peke yake kwenye benchi mbele ya kibanda. Amevua kiatu, kisigino kimechubuka mpaka soksi imeshika damu. Nikarudi ndani kuchukua plasta, nikamkalia karibu.

"Odeta yuko wapi?"

"Amekwenda kuangalia foleni ya ule mnara. Amesema nisisogee."

Nikambandika plasta. Yeye alikuwa akitazama boti, zile za kijani zinazokwenda Manly.

"Hizi zinakwenda wapi?"

"Manly. Nusu saa, halafu zinarudi."

"Na watu wote wanashuka?"

"Wengine wanakaa tu, wanarudi nayo."

"Inaruhusiwa kukaa tu?" Aliuliza kama mtu aliyesikia habari ambayo ni nzuri kupita kiasi.

"Hakuna anayekufukuza."

Alivuta soksi juu ya plasta. "Samaki yote nimeshaiona, mama. Hata wale watu wa nta nimewaona, sijui ni kina nani, Odeta ananipiga picha nao. Yeye anatembea mbele kwa sababu saa inakwenda. Mimi ninamfuata. Nilimwacha ana miaka tisa. Mgongo wake sasa nimeshaujua vizuri. Uso bado."

Nilitamani benchi ifunguke nizame. "Mwambie," nilisema.

"Nimwambie nini? Ameomba watu zamu. Amelipa. Mimi niseme zawadi yake sitaki? Hapana. Nitaimaliza." Akanishika mkono. "Na wewe usimwambie. Wewe ni mtu wa kwetu, unajua."

Nilijua, kweli. Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe. Nikaingia kibandani bila chai. Maureen akaniangalia, akaniuliza nani kafa. Nikamweleza yote, tangu ubao niliouficha.

"Basi toka ukamwambie binti yake," alisema.

"Siwezi. Ameniomba nisiseme."

"Mimi hajaniomba kitu, love."

Kabla sijapata la kumzuia nalo alikuwa ameshafungua mlango. Odeta alikuwa anarudi mbio, karatasi mkononi, anasema foleni imepungua, twende sasa hivi. Maureen akasimama mbele yake na kumweleza kwa Kiingereza, kwa ile sauti yake, kwamba mama yake kisigino kinatoka damu, hataki mnara, anataka kukaa kwenye boti na mwanawe. Watu wa foleni ya aiskrimu waligeuka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni natamani kujifunika uso kwa apron.

Odeta akampita Maureen. Aliniangalia mimi. "Auntie, wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Ulipofungua pochi."

"Sasa mbona hukuniambia? Yaani mzungu ndiye aniambie habari ya mama yangu? Si ndiyo maana nilifurahi kukuta mtu wetu dirishani! Nilijua wewe utaniambia!"

Hilo lilinichoma, na mpaka leo likinijia ninapoosha vyombo nasimama kidogo. Nilikuwa nimedhani namsitiri, kumbe nimemwacha peke yake.

"Mnasema nini?" mama aliuliza kutoka kwenye benchi, akijilazimisha kuvaa kiatu. "Twende, Odeta. Mnara unatungoja."

"Mnara hauna miguu, mama. Hauendi popote."

"Na kadi? Itapotea hivihivi? Twende!"

Odeta akaanza kulia, mama akaanza kusimama, Maureen akaniangalia kana kwamba sehemu iliyobaki ni yangu. Na ilikuwa yangu. Maana ukweli ulikwisha kusemwa, lakini yule mama asingekubali kuitupa zawadi ya mwanawe hata angetambaa. Nikachukua karatasi ya Odeta, nikapitisha kidole. Chini kabisa, bila alama, aliandika boti ya kupanda na kushuka. Ile nyeupe inayozunguka bandari, ambayo mwenye kadi anaipanda siku nzima mara apendavyo.

"Hii umeiacha kwa nini?"

"Haina kitu cha kuona, Auntie. Ni kuzunguka tu."

Nikaenda kwa mama, nikachuchumaa mbele yake. "Mama, kwenye kadi yako kuna boti. Unapanda asubuhi mpaka jioni, hakuna anayehesabu. Wenye akili wanaipanda kutwa, ndiyo wanaofaidi kadi kuliko wengine wote. Ukiacha boti, hapo ndipo utakuwa umeipoteza."

Alinitazama, akamtazama Odeta. Nadhani alinielewa vizuri kuliko nilivyosema. "Ni ya kijani?"

"Hapana. Ni nyeupe."

"Si neno," akasema, akatoa mkono ili avutwe.

Walipanda Ijumaa ile alasiri. Jumamosi walikuja asubuhi na mapema, mama amevaa kandambili za Odeta na soksi, mkobani wana chupa ya chai na sambusa zimefungwa kwenye foili. Kila boti ilipogusa gati niliinua kichwa. Watalii walishuka, wengine wakapanda, na wale wawili walikuwa palepale, kiti cha nyuma upande wa kivuli. Kufikia saa nane baharia wa kamba alikuwa akiwasalimu kwa jina. Mara moja niliona mama anaeleza kitu kwa mikono yote miwili na Odeta ameinamisha kichwa. Mara nyingine nilimwona Odeta anacheka mpaka anajipiga paja. Mara ya mwisho mama alikuwa amelala begani kwake.

Waliposhuka jioni walikuja dirishani, mama akampa Maureen sambusa mbili zilizobaki. Maureen alizila zote mbili, mimi hakunipa. Mama alipokwenda msalani Odeta akaniambia kwa sauti ndogo, "Amenisimulia jinsi baba alivyokufa. Kwa simu alikuwa anasema tu alikwenda vizuri. Miaka yote hiyo. Leo kwenye boti ndiyo amenisimulia."

"Pole, mwanangu."

"Asante. Nilikuwa nataka kujua." Akakunja ile karatasi yake, akaniachia kwenye kaunta. Vitu tisa havikuwa na alama.

Nimekaa pale miaka mingi baada ya hapo, na ukiniuliza nani alifaidi kadi kuliko wote, nitamtaja mama yule, ingawa wahasibu watasema amepata hasara. Maureen alipostaafu aliniachia ubao. Akaniambia niutoe kwanza kwa watu wa kwetu, kisha kwa wengine. Nikafanya hivyo. Nikaongeza na swali langu mwenyewe, ambalo mmenisikia nikiuliza mpaka mkaanza kuniiga mkidhani sisikii: "Ukirudi nyumbani, utamsimulia nani kwanza, na utamsimulia nini?" Kuna mzee wa Nakuru alinijibu kwamba atamsimulia mkewe habari ya papa, basi. Nikamuuzia tiketi ya papa peke yake. Kuna bibi harusi aliyesema hajui, na bwana harusi akasema hajui, nikawaambia wakanywe kahawa kwanza warudi. Wanakwaya wa Auburn walitaka kadi moja wapokezane, kwa sababu nyumbani kitu kimoja kinatumiwa na watu wote. Niliwaeleza kadi ni ya mtu mmoja, inatoka na jina lake, kisha nikawaonyesha njia ya kutembea juu ya daraja kwa miguu, ambayo ni bure, na ambako waliimba mpaka wapita njia wakasimama. Udadisi huo ndio ulioniamsha saa kumi na moja kila asubuhi kuwahi treni. Nilitaka kujua huyu wa leo amekuja kuona nini hasa.

Sasa turudi mezani kwangu.

Siku ya kuniaga, Mercy, ulisimama na ile bahasha ukasema, "Auntie Yusta, umeuzia watu hizi vitu miaka yote na hujawahi enda. Sasa ni turn yako. Hii ni all-in, usiache kitu hata kimoja, tutakuwa tunacheki!" Mkapiga makofi. Mimi nikapokea kwa mikono miwili, nikainama kidogo. Nilipofika nyumbani nikachukua kalamu na kuandika orodha. Nilipanga mnara, samaki, wanyama, watu wa nta. Nilikuwa nimefika kitu cha saba ndipo goti likaniuma chini ya meza, nikaiona kalamu mkononi mwangu, nikacheka peke yangu jikoni mpaka jirani akagonga ukuta.

Ningeimaliza, naapa. Ningejikokota siku tatu nikawapigie picha kila mlango, kwa sababu mlichanga na kwa sababu ni zawadi. Na Maureen hayupo tena wa kutoka kibandani aniseme. Kwa hiyo najisema mwenyewe, na kuandika kwenyewe naona haya: wanangu, vitu vyote sivitaki. Nataka boti nyeupe, kiti cha nyuma upande wa kivuli. Ninyi beji zenu zinawapandisha bure. Kwenye kile kibanda tumekaa bega kwa bega miaka hii yote, sote tumetazama nje kwa wateja, hata nikifumba macho sasa hivi naona nusu ya uso wako, Mercy, ile yenye kipini. Ile nusu nyingine siijui vizuri. Nimewakumbuka sana.

Nitaleta chai na sambusa, na safari hii nitakula na mimi. Angalieni zamu zenu, mwenye siku ya mapumziko aniambie, hata akiwa mmoja. Jumanne nina nafasi, Jumatano pia, na kila siku baada ya hapo. Ila msije mchana. Kadi tutaifungua asubuhi.